Mtani Aliyelala Penye Pengo la Zizi

Kanyenye, Tabora
Mfungo Tatu

Dada yangu Zainabu,

Shikamoo. Shikamoo hii nimeiandika nikiwa nimesimama, kwa maana tangu utoto wangu hukukubali nikuamkie nikiwa nimekaa. Sasa nimeitikiwa, nakaa.

Je, mguu wako umepoa? Mvua zimefika huko Ruvu, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Na yule jirani mliyegombea naye mnazi, mmepatana? Mwanao Shomari, anayekusomea barua hizi, mwambie asome polepole wala asiruke vituo, kwa sababu habari ya leo ikisomwa mbiombio utashika kifua kabla hujafika mahali pa kushukuru. Kwa hiyo nakutangulizia neno: sisi sote tu wazima. Somo yako, binti yangu Zainabu, yu hai. Mtoto wake yu hai. Mumewe Juma yu hai. Alhamdulillahi. Sasa sikiliza.

Unajua kwamba Zainabu ameolewa nje ya mji, upande wa magharibi, kando ya ile njia ya zamani ya misafara. Mtu akitoka hapa kwa baiskeli asubuhi, hufika kijito cha mpaka kabla ya adhuhuri. Ng'ambo ya huku ni nchi ya Mtemi wetu. Ng'ambo ya pili, anakokaa Zainabu, ni nchi ya Mtemi mwingine. Mtemi ndiye mfalme wa Wanyamwezi, na chini yake wako wanangwa, ambao ni kama majumbe wetu wa huko pwani, kila mmoja na kijiji chake. Mwanangwa wa kina Zainabu anaitwa Kapembe. Ni mtu mnene, mwenye sauti ndogo, na Mtemi wake ni mzee mgonjwa asiyetoka nyumbani. Basi Kapembe hufanya apendavyo, na hakuna wa kumwuliza.

Mwaka huu ilikuja amri ya kuhesabu ng'ombe. Watu wa kitongoji cha Zainabu wakawaficha baadhi ya ng'ombe wao porini. Sisemi walifanya vizuri. Kapembe alipojua, aliona ataaibika mbele ya wakubwa, akakikusanya kitongoji kizima, wanaume, wanawake na watoto, akawafungia katika zizi lake mpaka waseme ng'ombe wako wapi. Dada, zizi hilo ni la magogo yaliyosimamishwa na kuzungushiwa miiba. Halina kivuli. Ulikuwa mwezi wa jua kali, ardhi inapopasuka kabla ya mvua. Maji waligawiwa kwa kata, asubuhi tu.

Habari iliponifikia nilifanya kama nilivyofundishwa. Niliandika barua kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, nikaeleza jambo kwa utaratibu, nikaipeleka kwa mkono wangu. Karani akaniambia, "Mwalimu, Bwana yuko safarini upande wa Nzega. Akirudi ataisoma." Nikaenda kwa Mtemi wetu. Alinikaribisha vizuri, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Mwalimu, mtoto wako ni mtoto wangu. Lakini kule si kwangu. Nikituma watu wangu ng'ambo, nitakuwa nimeanzisha vita, na Serikali itaniondoa katika kiti." Nilimwelewa. Hata nilimsifu kwa kuielewa sheria. Kisha nikarudi nyumbani.

Hapo ndipo anapoingia Maganga. Naye ni Mnyamwezi wa ng'ambo ya huku, mkulima wa mtama na mrina asali, ambaye alikuwa askari katika vita iliyokwisha na akapelekwa mpaka Bama, ng'ambo ya bahari. Ng'ambo ile hana ndugu hata mmoja. Lakini shamba lake liko ukingoni mwa kijito, na upepo ukivuma kutoka magharibi alisikia watoto wakilia zizini. Siku ya kwanza alisikia wengi. Baadaye akasikia wachache, na hilo ndilo lililomtisha.

Akawakusanya vijana wenzake, wakachukua marungu, mikuki na mashoka. Wakavuka adhuhuri, walinzi wa Kapembe walipokuwa wamejilaza chini ya ghala. Walinzi walipoona mikuki wakakimbia. Maganga na wenzake wakakata magogo upande mmoja, wakafungua pengo, watu wakatoka. Zainabu ananiambia kwamba alipomwona mtu ameshika shoka aliinama kumfunika mtoto, akidhani wamekuja kuwaua. Maganga akamwambia, "Mama, nyanyuka. Unajua kuvuka maji?"

Zainabu akajibu, "Maji yako wapi nivuke? Niyanywe kwanza!"

Anasema Maganga alicheka, kisha akageuza uso akajifuta macho kwa kiwiko. Midomo ya mjukuu wangu ilikuwa imepasuka kama udongo wa mfinyanzi uliosahauliwa juani. Sasa ananyonya vizuri, tena ana hasira. Nadhani amekurithi wewe.

Lakini kazi njema haikutoka safi. Wanaume wanne, Juma akiwa mmoja wao, hawakuwamo zizini siku ile. Kapembe alikuwa amewatenga nyuma ya nyumba yake, kwa kuwa aliwaona ndio viongozi wa kuficha ng'ombe. Hao walibaki. Na kijana mmoja katika wenzake Maganga, mpumbavu ambaye jina lake sitaliandika, alipotoka alitoka na ndama. Mtamba mweupe, mwenye baka jeusi begani.

Kapembe akatuma mjumbe kwa Mtemi wetu. Wazee tukaitwa barazani kusikiliza, nami niliitwa kwa sababu nilikuwa karani wa baraza hilo kabla ya kustaafu. Mjumbe alisimama katikati akasema bila kumeza mate:

"Kapembe anasalimu. Anauliza: mlikuja kuokoa watu au ng'ombe? Kama ni watu, mbona mmoja wao ana mkia? Anasema mumpe Maganga na mrudishe watu wake wote. Wale wanaume wanne hatawaachia mpaka hapo. Tena anasema amesikia kwamba ng'ambo yenu pia kuna wanawake wanaopigwa na waume zao, na vijana wanaolimishwa kwa nguvu. Anawahurumia sana. Akiwahurumia zaidi, atavuka na watu wake kuja kuwaokoa."

Wengine walitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka, kwa maana wote tulijua mjumbe yule amekuja na watu ishirini wanaongoja kijitoni, na si wote walioshika fimbo tupu.

Mtemi akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiwe unayetusomea gazeti. Sheria yasemaje?"

Dada, unanijua. Ningeweza kusema binti yangu alikuwamo zizini, na asiyekuwa na binti ndiye ahukumu. Sikusema hivyo. Nilisimama nikawakumbusha mkataba ule ambao mataifa yote yalipatana baada ya vita, ambao nchi hii yetu yenyewe imewekwa chini ya udhamini wake. Nilikuwa nimewasomea mara nyingi. Taifa lisiinue silaha juu ya nchi ya taifa lingine. Limeruhusiwa kujikinga likishambuliwa. Limeruhusiwa pia likitumwa na baraza la mataifa, baada ya kukaa na kuamua pamoja. Vita ya kuwahurumia watu wa nchi nyingine, mtu akaianzisha kwa shauri lake mwenyewe, sikuiona imeandikwa mahali popote. "Na ikiwa wafalme wakubwa wamefungwa na neno hilo," nikasema, "Maganga hawezi kuwa huru nalo. Amevuka mpaka na silaha, amevunja boma la watu. Amekosa."

Maganga alikuwa amekaa kwenye gogo. Akasimama taratibu.

"Mwalimu, naomba nikuulize. Mimi walinivusha bahari. Siku nyingi nilitapika katika meli. Wakanipeleka nikapigane katika misitu ya watu nisiowajua, wasionijua, na afisa akatuambia: mnakwenda kuwaokoa walioonewa. Nikarudi wakanipa nishani. Sasa nimevuka kijito, maji hayafiki gotini, nimeokoa watu ninaowasikia wakilia, na wewe unaniambia nimekosa. Urefu wa safari ndio unaohalalisha?"

Hapo baraza likacheka kweli, hata Mtemi.

Nikamjibu, "Maganga, mbele ya watu wote hawa nakushukuru. Mjukuu wangu anapumua kwa sababu yako. Nitakuombea kila sala mpaka nife. Nami nasema tena, umekosa."

"Shukrani gani hiyo yenye fimbo ndani?" akasema. "Ningengoja barua yako isomwe, ungekuwa unamchimbia mtoto kaburi kwa mwandiko mzuri."

"Kweli."

"Na kama baraza hilo lako la mataifa limelala? Au Bwana Shauri yuko Nzega?"

Badala ya kujibu, Dada, nikawaeleza kwa nini naogopa, nikawaeleza habari ya Mama.

Wewe ulikuwa mkubwa alipotusimulia, unaikumbuka kuliko mimi. Mama yetu alipitishwa hapa hapa Tabora, shingo yake ikiwa katika mti, akashushwa kwa njia hii mpaka karibu na pwani. Askari wa bendera ya kwanza wakauzuia msafara, wakakata mnyororo kwa shoka, wakasema wamekuja kukomesha biashara ya watu. Walisema kweli: waliukata. Mama aliwaombea dua mpaka kufa kwake, nasi tusingezaliwa bila shoka lile. Lakini bendera ile haikuondoka. Waliomfungua Mama ndio waliomchukua Baba kwa kiboko akalime pamba yao, na mgongo wake wewe ndiye uliyeukanda kwa mafuta ya nazi. Baadaye mimi nikiwa mwalimu kijana hapa Tabora, likaja jeshi jingine kutoka magharibi, likasema limekuja kutuokoa na bendera ya kwanza. Tukawapigia vigelegele, na kabla ya jua kuchwa hapakubaki kuku katika Kanyenye. Kisha ikaja bendera ya tatu, hii tuliyo nayo.

Nikawaambia wazee, "Kila aliyeingia nchi hii na bunduki alisema ametuhurumia. Wengine walisema kweli. Simwogopi Maganga. Namwogopa atakayevuka kesho akisema yeye naye ni Maganga. Na mjumbe huyu hapa amekwisha kutuambia jina lake."

Maganga akatazama chini. Kisha akasema, kwa sauti ambayo si ya ugomvi tena, "Mimi sikubaki kule, Mwalimu. Nilitoka siku ile ile."

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana nakushukuru. Lakini ndama hakutoka mwenyewe."

Mtemi akaamua hivi: waliookolewa hawatarudishwa kwa nguvu, Maganga hatatolewa, lakini atatengeneza kwa mikono yake boma alilolivunja, ndama atarudishwa na aliyemchukua atatozwa faini. Uamuzi mzuri. Ila ulibaki na tundu kubwa: nani atakwenda kumwambia Kapembe? Maganga akionekana ng'ambo atapigwa mkuki. Mjumbe wa Mtemi akienda na ndama mkononi ataonekana amekuja kukiri wizi. Na Juma na wenzake wanakaa juani.

Tulikuwa tumekwama hapo ndipo mzee mmoja, mla tumbaku asiyesema sana, akanitazama kwa jicho moja akasema, "Kwani huyu Mzaramo si mtani wetu?"

Dada, alikuwa ananisema mimi. Unajua nilivyouona utani siku zote. Mimi ni mtu niliyechapwa kwa kukosa herufi moja, nikashukuru kwa kuchapwa. Sikupenda kamwe mambo ya watu wazima kutukanana na kunyang'anyana kofia. Tangu nifike Unyamwezi Wanyamwezi wamejaribu kunitania, nami nimewajibu kwa adabu, kavu, mpaka wakachoka. Chanzo cha karaha yangu unakijua. Nilikuwa mtoto wa shule siku ile mpagazi wa Kinyamwezi alipofia uani kwetu, akiwa amefika na homa, nawe ukamlisha uji kwa kijiko siku zake zote za mwisho. Wenzake walipochimba kaburi, Baba akashuka akalala chali ndani yake, akasema hatoki mpaka alipwe jogoo, kwa kuwa hawa ni watumwa wake na mmoja amekufa bila ruhusa. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka na kulia pamoja. Mimi nilikimbia kwa aibu. Wewe ulinifuata nyuma ya nyumba ukanishika sikio ukasema, "Siku utakayokuwa mbali, hawa ndio watakaokuzika. Unadhani mlango huo unafunguliwa na nini?" Sikukuelewa. Nilikuwa na sikio linaloniuma.

Basi nikavaa kanzu yangu ya Ijumaa na koti, nikamfunga ndama kamba, nikavuka kijito peke yangu, bila fimbo. Mtani akichukua fimbo amekuwa adui.

Kapembe alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake pamoja na watu wake. Waliponiona wakasimama na mikuki. Nilimkumbuka Baba, nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo:

"Nani amewaruhusu wapagazi wangu kukaa kivulini? Nyanyukeni! Mizigo iko wapi?"

Mkuki mmoja ukashuka kidogo. Kisha mzee mmoja nyuma akaita, "Eh! Mzaramo huyo! Amechoka kungoja nazi zianguke!"

"Nazi zetu huanguka zenyewe," nikamjibu, "kwa sababu zina adabu. Babu yako alipofika pwani alionja bahari akauliza nani amemwaga chumvi, akafukuzwa jikoni!"

Wakaanza kucheka, si wote. Kapembe hakucheka. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mwalimu, najua ulilolijia. Huyo ndama mwache, urudi. Watu sitoi."

Nikamwacha ndama akaenda kwa mama yake. Nami sikurudi. Nilikwenda mpaka kwenye pengo alilolikata Maganga, mahali ambapo wenyewe walikuwa wameanza kurudishia magogo, nikapanga koti langu liwe mto, nikalala chali katikati ya pengo, katika samadi, na kanzu yangu ya Ijumaa.

"Mtumwa wangu Kapembe," nikasema nikitazama mbingu, "zizi hili limekufa. Limekufa bila ruhusa yangu. Hamliziki mpaka nilipwe."

Sasa, Dada, kila Mnyamwezi anajua hilo. Mtani akilala kaburini hainuliwi kwa nguvu, wala hapigwi, wala kaburi halifukiwi juu yake. Hukombolewa kwa anachotaka. Kapembe akasogea, akasimama juu yangu, kivuli chake kikanifunika. Nikafurahi kidogo kwa kivuli kile, maana jua lilikuwa kali. Ndipo nilipojua kwa mgongo wangu mwenyewe walichokipata watoto.

"Utakaa juani mpaka lini?" akaniuliza.

"Mpaka nilipwe. Uliwaweka wengine, niweke na mimi. Ila nigawie kata yangu ya maji kila asubuhi, usinidhulumu."

Maneno yale, angeyasema Bwana Shauri, Kapembe angekunja uso. Angeyasema Maganga, ingekuwa vita. Yalisemwa na mzee wa Kizaramo aliyelala katika samadi, na watu wake Kapembe waliyasikia wote, na hakuna aliyecheka. Baadhi yao walitazama pembeni.

Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka mama yake Kapembe, kikongwe aliyeinama kama mundu. Akaja mpaka pengoni, akanitazama, akamtazama mwanawe.

"Kapembe. Mlipe mtani."

"Mama, hili ni jambo la kiserikali."

"Serikali itakuzika?" akauliza bibi yule. "Hawa uliowafungia ndio wangekuzika. Wamekimbia. Sasa huyu naye umwache afe mlangoni pako? Siku yako ikifika nani atashuka kaburini kukutania, ujue umekufa mtu? Utafukiwa kama mbwa, kimya. Mlipe!"

Kapembe akaniuliza kwa uchovu, "Unataka nini, Mzaramo? Jogoo?"

"Wanne," nikasema. "Wako nyuma ya nyumba yako. Mmoja anaitwa Juma."

Akapunga mkono. Wakaletwa. Juma alikuwa amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa. Aliponiona mimi, baba mkwe wake, ambaye hajawahi kuniona bila koti, nimelala katika kinyesi cha ng'ombe, alisahau shida zake akageuza uso kwa heshima. Nikamwambia, "Usinitazame. Nenda kwa mkeo." Akaenda. Nilikaa pale pale mpaka nikamwona amevuka maji, ndipo nikanyoosha mkono ili mtu aninyanyue, kwa maana kiuno kilikuwa kimekataa. Aliyeninyanyua alikuwa Kapembe. Akasema, "Umenila sana, Mzaramo." Nikamwambia, "Bado sijashiba; nitarudi."

Maganga alivuka baadaye, bila silaha, amebeba magogo begani. Alitengeneza boma kwa siku kadhaa. Siku ya kwanza alikula peke yake. Siku ya mwisho mama yake Kapembe alimpelekea ugali na maziwa. Kitongoji kimerudi nyumbani. Ng'ombe wametoka porini wakahesabiwa, Kapembe akapata hesabu yake. Zainabu ananiambia kwamba zizi jipya lina mlango upande wa kijito, ambao haukuwapo kwanza. Maganga anasema alikosea kupima. Sijamsahihisha.

Bwana Shauri aliporudi kutoka Nzega aliniita. Alikuwa ameisoma barua yangu. Kapembe amepewa karipio kali na ameondolewa katika kazi ya kuhesabu. Wengine wanasema ni adhabu ndogo, na labda ni ndogo. Kisha Bwana akachukua kalamu akaniuliza, kwa kuwa anataka kila kitu kiandikwe, "Mwalimu, Maganga aliingia bila haki, hilo naelewa. Na wewe uliingia kwa haki ipi? Kwa sheria gani?"

Nilifikiri sana, maana sipendi kujibu ovyo. Siwezi kusema utani ungetosha peke yake. Pengine Kapembe alinisikiliza kwa sababu alikuwa amekwisha kuona mikuki ya Maganga; sijui, na nisichokijua sikiandiki. Wala sijui taifa na taifa yatautoa wapi utani, ikiwa hayajawahi kulishana wala kuzikana. Lakini najua kwamba niliingia bila silaha, sikuchukua kitu ila watu, na niliingia kwa mlango uliofunguliwa zamani, kabla ya ugomvi, na wote wawili tukijua kuwa uko wazi.

Basi nilimjibu, "Bwana, niliingia kwa kijiko cha uji cha dada yangu."

Akaiweka kalamu chini. Sidhani kama aliandika.

Dada, nakushukuru. Ulimlisha mpagazi ambaye hata jina lake hatukulishika, nami nikaona aibu. Kijiko kile kimemrudisha mkwe wangu nyumbani. Nilichelewa kukuelewa, nimekuelewa nikiwa chali, na sikio langu lile likaniuma tena, nami nikalifurahia.

Nisalimie shemeji, na umwambie miche yake ya michungwa imeshika huku. Nisalimie Shomari msomaji. Kama amesoma vizuri mpaka hapa, mpe kipande cha kwanza cha asali ninayokutumia. Nisalimie mjomba wetu mpiga ngoma, mama mkunga aliyenipokea duniani, na yule jirani wa mnazi, mliyepatana naye au msiyepatana naye. Mke wangu anakuamkia. Somo yako anakubusu mikono, na mtoto wake amepiga kelele, tumeihesabu kuwa ni salamu.

Nimempa mtu wa gari la moshi debe la asali, ambayo Maganga ameirina mwenyewe kwa ajili yako. Nilimweleza habari ya uji. Akasema, "Basi mwambie dada yako, watumwa wake wa Unyamwezi wanamwamkia." Nimeandika kama alivyosema, bila kubadili neno.

Kanzu ya Ijumaa imefuliwa mara nyingi na doa la mgongoni halijatoka. Mke wangu anataka niitupe. Ijumaa iliyopita niliivaa hivyo hivyo msikitini, nikakaa safu ya mbele. Cheka, Dada, nimekuruhusu.

Mimi niliye mdogo wako, uliyenishika sikio,

Ramadhani bin Shomari